Sanduku la akina mama lina kufuli tatu, kapu la kanisa halina hata moja

Mhariri,

Gazeti lako mimi hulipata limechelewa siku moja au mbili, juu linavuka mpaka kutoka upande wa Kenya kama vile nyanya na sabuni zinavyovuka, na likifika kwa kibanda changu hapa Busia ya Uganda limeshapita mikono ya madereva wawili watatu wa lori. Lakini nalisoma lote, hata matangazo ya vifo. Sasa kuna msomaji mwenzangu aliandika kwa ukurasa huu wa barua akilalamika ati Wakristo wa siku hizi ni bahili, tumesahau uwakili, midomo inaimba na mifuko imefungwa, akamalizia na Malaki 3 ile ya zaka kamili ghalani. Sikumkasirikia. Lakini nimelala na maneno yake siku kadhaa na naona nisipoandika nitaendelea kuongea peke yangu nikipepeta mukene, wateja waseme huyu mama ameanza kuchanganyikiwa.

Mimi ni muuza mukene. Wengine mnaita dagaa, hapo ng'ambo wanaita omena, samaki ni yule yule. Nachukua Majanji kule ziwani nauza hapa mjini. Nasali kanisa ambalo sitalitaja wala dhehebu lake sitalitaja, juu bado nataka kusali hapo. Ibada yetu ya saa tatu ni ya Kiswahili kwa sababu tumechanganyika, kuna Wasamia, Waiteso, Waganda, kuna madereva wanaongoja karatasi zao zitoke forodhani, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo ukiitumia hakuna anayesema mwenzake amependelewa.

Siku moja mwalimu wa Sunday skuli aliwauliza watoto wakili ni nani. Wakajibu wote kwa sauti moja, ni yule mtu wa kortini anayevaa nguo nyeusi na kula pesa ya mtu mwenye kesi. Tulicheka sana. Lakini mimi nikawaza, hawa watoto hawajakosea mbali. Wakili wa kwenye Biblia ni mtu aliyeshikishwa mali isiyo yake. Nyumba si yake, shamba si lake, ghala si lake, yeye amepewa funguo tu, na siku moja mwenye mali anamwita. Luka 16 imeandika neno lenyewe waziwazi, "toa hesabu ya uwakili wako." Haijasema toa sadaka ya uwakili wako. Imesema hesabu.

Na hapa ndipo nagombana na msomaji mwenzangu. Kanisani kwetu mahubiri ya uwakili yanakuja mara moja kwa mwaka, karibu na sikukuu ya mavuno, na unajua kabisa yataishia wapi, yataishia kwa kapu. Tunafundishwa vizuri sana namna ya kutia. Kutia kwa furaha, kutia malimbuko, kutia hata kama huna, kumbuka yule mjane na senti zake mbili. Ila sijawahi, na nimeokoka miaka 19, kusikia mahubiri juu ya mtu anayelishika lile kapu likishajaa. Yeye ndiye wakili kuliko mimi! Mimi nimeshika shilingi 2,000 yangu ya Uganda tangu asubuhi mpaka saa tatu. Yeye ameshika za watu 200.

Sasa nikuambie habari ya sanduku letu.

Alhamisi saa kumi jioni tunakaa akina mama 28 chini ya mwembe nyuma ya stoo ya mahindi. Ni kikundi cha akiba, vile vimejaa Uganda nzima siku hizi, dada mmoja aliyekuja kutufundisha alituambia mambo haya yalianzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, yakatembea Afrika mpaka yakatufikia. Sanduku ni la chuma, fundi wa kuchomelea wa hapa hapa ndiye alilitengeneza, tukalipaka rangi ya kijani iliyobaki kwa lango la mtu. Lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu tofauti ambao si ndugu, na sanduku lenyewe linalala kwa mama wa nne ambaye hana ufunguo hata mmoja. Kwa hiyo kama kuna mwizi kati yetu anahitaji kwanza kushawishi watu wanne, na wanne hao, nakuhakikishia, hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi.

Likifunguliwa, linafunguliwa katikati ya duara. Kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu, ile ya tatu imeshika kutu kidogo lazima uitikise. Pesa inamwagwa kwa beseni, wawili wanahesabu kwa sauti, wengine wote macho. Kabla ya hapo mwenyekiti anauliza, "wiki jana tulifunga na ngapi?" na tunajibu sote kwa kichwa, bila kuangalia kitabu. Hata yule bibi wetu ambaye hajui kusoma anaijua. Kabla ya kufunga tena hesabu inatajwa mara mbili, kila mtu anaibeba mdomoni mpaka nyumbani. Ukimuamsha mama yeyote usiku wa manane ukamwuliza sanduku lina ngapi atakuambia mpaka ile mia tano ya faini ya mtu aliyechelewa.

Hatuna askofu. Hatuna mpakwa mafuta. Tuna kufuli tu.

Jumapili mambo ni mengine. Kapu linapita, bahasha zinapita, halafu baada ya baraka kuna mnada wa vile vitu watu walileta kwa sababu hawana pesa mkononi. Huo mnada naupenda jamani, msinielewe vibaya. Kuna Jumapili moja jogoo mmoja alinunuliwa mara tatu, mtu ananunua anarudisha, mwingine ananunua anarudisha, akatoka 15,000 akafika 70,000 na mwishowe alipewa bibi mmoja mjane aende naye nyumbani. Fenesi lilikatwa hapo hapo watoto wakala mpaka mikono ikanata kwa nguo za kanisa. Ile ni furaha ya kweli kabisa. Halafu watu wawili, na wawili hao ni mtu na shemeji yake, wanabeba kapu wanaingia chumba cha nyuma wanafunga mlango. Wiki inayofuata tunaambiwa "tunamshukuru Mungu kwa matoleo yenu." Ngapi? Kimya. Zimeenda wapi? Kimya zaidi.

Na kinachonichekesha mpaka kinaniuma, anayetoa anatangazwa. Sisi kwetu majina yanasomwa, mama fulani ameahidi bati mbili ametoa moja, bwana fulani bado anadaiwa. Mimi na bati yangu moja natangazwa mbele ya wakwe zangu. Anayetumia milioni hatangazwi.

Hizo bati ndizo hasa nataka kuzisema. Tulichanga bati 62 za kuezeka upande wa kushoto wa kanisa. Nimezihesabu kwa sababu mimi niko kwa kwaya na kwaya ndiyo inanyeshewa. Huu ni mwaka wa tatu. Zimepigwa 20 hivi, zingine tunaambiwa ziko njiani. Njiani wapi, kutoka Mombasa kwa miguu? Mwaka 2023 si tulikaa hapa sokoni tukipiga kelele juu ya mabati ya serikali ya kule Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, mabati ya watu maskini kabisa yakaonekana kwa wakubwa, mpaka mawaziri 3 wakafikishwa mahakamani. Tulitukana mpaka sauti ikakauka. Na sensa ya 2014 inaonyesha zaidi ya watu 80 kwa kila 100 nchi hii ni Wakristo, Wakatoliki peke yao 39, Waanglikana 32, Wapentekoste 11. Sasa wale wakubwa walitoka wapi kama si kwa benchi hizi hizi zetu? Mtu aliyekulia kanisa ambalo kuuliza bati ni dhambi, akipewa bati za serikali unategemea atajua aanzie wapi kutoa hesabu?

Maana niliuliza. Niliuliza kwa heshima, baada ya ibada, nikiwa nimeshika mkono wa mtoto. Mzee mmoja wa baraza akanijibu na Zaburi 105, "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wa Mungu. Nikarudi nyumbani nikaifungua hiyo Zaburi nikaisoma yote. Inaongea juu ya Ibrahimu na Isaka na Yakobo walipokuwa wageni, wakitangatanga taifa hadi taifa, na Mungu akawakemea wafalme wasiwadhuru. Hakuna risiti mahali pale. Hakuna bati. Halafu nikafika kwa Samweli, yeye sasa ndiye aliyekuwa akibeba chupa ya mafuta yenyewe akiwapaka wengine, na pale 1 Samweli 12 amezeeka, anasimama mbele ya Israeli yote anawauliza nimechukua ng'ombe wa nani, nimechukua punda wa nani, nimepokea rushwa kwa nani, semeni nitarudisha. Hakuna aliyemlazimisha. Aliomba mwenyewe akaguliwe, hadharani, mfalme akiwa amekaa hapo anasikia.

Kuna hadithi nyingine naipenda zaidi maana ina sanduku. 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliagiza makuhani wachukue pesa za watu watengeneze nyumba ya Mungu palipobomoka. Wakachukua. Mwaka wa 23 wa ufalme wake mabomoko bado yako vile vile! Miaka 23, Mhariri, sisi mitatu tu tumeshachoka. Mfalme akawaita akawauliza mbona hamtengenezi, basi msipokee tena pesa za watu. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwa kifuniko, akaliweka kando ya madhabahu upande wa kulia wa mtu anayeingia. Likionekana limejaa, mwandishi wa mfalme anakuja pamoja na kuhani mkuu, wanahesabu wote wawili wanafunga kwa mifuko. Watu wawili wa ofisi mbili. Mmoja wa kanisa mmoja wa nje ya kanisa. Halafu pesa inaenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi. Niliposoma hivyo nilipiga kelele peke yangu, nikasema hili ni sanduku letu la chini ya mwembe!

Najua mtu atanijibu na mstari wa 15 wa sura hiyo hiyo, kwa sababu nimeshajibiwa nao. Unasema hawakufanya hesabu na wale watu waliopewa pesa za kuwalipa mafundi, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Yule mzee wa baraza alinisomea huku akitabasamu kama mtu aliyekula karata ya mwisho. Lakini baba, soma polepole. Wasioulizwa ni wasimamizi wa kazi, na hawakuulizwa kwa sababu pesa ilikuwa imeshahesabiwa na macho manne kabla haijafika mikononi mwao, na kazi yao ilikuwa inaonekana, ukuta unapanda kila siku watu wanaona. Makuhani ndio waliowekewa sanduku, na ni kwa sababu miaka 23 imepita. Sasa sisi tuko upande gani wa huo mstari? Sisi tuna ukuta gani unaopanda?

Hata Ezra alipobeba fedha kwenda Yerusalemu aliwapimia makuhani kwa mizani pale mtoni Ahava, talanta 650 za fedha, na walipofika zikapimwa upya na uzani wote ukaandikwa. Paulo naye alipochangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakubeba peke yake, alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, akasema wazi hataki mtu apate neno la kumlaumu, mbele za Mungu na mbele ya watu pia. Paulo huyo! Kama Paulo aliona anahitaji shahidi, shemeji wa mweka hazina wetu ni nani?

Haya. Sasa nitaandika kitu ambacho mume wangu amesema nisiandike.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Tulichanga 180,000 za vitambaa na mshonaji, zikakaa kwangu, ndani ya kopo la Blue Band juu ya kabati, peke yangu nikijua. Hiyo ilikuwa Februari, watoto wanarudi shule, na kijana wangu wa pili alirudishwa mlangoni kwa sababu ya deni. Nikachukua 70,000. Sikuiba, nilijiambia hivyo, nimekopa, gunia langu la mukene likifika Ijumaa nauza narudisha nani atajua. Ijumaa mvua ikanyesha Majanji siku tatu mfululizo. Mukene tunaanika chini kwa mchanga, mvua ikipiga inaoza inanuka, unaishia kuuzia watu wa chakula cha kuku kwa bei ya aibu. Wiki iliyofuata mshonaji akaja na mita zake shingoni, akitabasamu, akasema mama nimekuja kuchukua arabuni.

Siwezi kueleza ule mchana. Nilimwambia mweka hazina msaidizi hayuko, na hatukuwa na mweka hazina msaidizi.

Mama mkwe wangu, ambaye ni wale balokole wa zamani, yaani waliookoka, wa ule uamsho uliotokea Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda, aliniona sili. Wale wazee wana tabia moja, ukiwaambia kosa lako hawakuhubirii, wanakuuliza tu utairudisha lini na umeshamwambia nani. Enzi zao mtu akiokoka alikuwa anatembea na jembe aliloiba begani mchana kweupe analirudisha kwa mwenyewe. Akaniambia nenda ukawaambie kwaya. Nikaenda. Soprano mmoja alilia, mwingine alinuna mpaka leo bado amenuna kidogo. Nilirudisha kwa wiki sita, na wao wakaamua kopo lihame liende kwa sanduku lenye funguo mbili. Nakumbuka vile nilivyolala siku hiyo. Nililala kama mtu aliyetuliwa gunia.

Kwa hiyo nikisema kanisa lisome hesabu, sisemi mchungaji wetu ni mwizi. Sijui, na sidhani. Mchungaji wetu analala nyumba inayovuja kuliko kwaya, pikipiki yake inasukumwa zaidi kuliko inavyoendeshwa, na ukienda na shida usiku anaamka. Nasema mimi nilikuwa mtu mwema siku ile nilipochukua 70,000. Nilikuwa nimetoka kuomba asubuhi! Kufuli tatu za akina mama hazikuwekwa kwa sababu kuna mwizi anajulikana. Ziliwekwa kwa sababu ya mama mwenye mtoto aliyerudishwa shule, na kopo limekaa hapo juu ya kabati, na nyumba iko kimya. Sisi kanisani tunamwacha mtu peke yake na hilo kopo miaka na miaka, tunaita hiyo heshima.

Nilikaa na mchungaji tukaongea, na alinipa sababu zake ambazo zingine ni za kweli. Akasema tukitangaza Jumapili kwamba zimepatikana 480,000 usiku huo huo vijana wa mtaa wa Sofia watakuja kugonga dirisha. Hiyo nakubali kabisa, mimi naijua Busia. Basi hesabu isomwe wiki inayofuata, pesa ikiwa imeshaingia benki ama kwa mobaili mani ya kanisa, si ya simu ya mtu. Akasema watu wakijua ni kidogo watakata tamaa. Hapo nikamkatalia. Akina mama 28 wanajua kila wiki sanduku lina ngapi, na kuna wiki ni kidogo mpaka aibu, na hakuna aliyeacha kuja, kinyume chake wiki ya pesa kidogo ndiyo mtu anatoa hata ya nauli anarudi kwa miguu. Mtu anaacha kutoa akiwa haoni. Msomaji mwenzangu uliyeandika sisi ni bahili, hawa unaowaita bahili nawaona Alhamisi, ni wale wale! Jumapili anatia 1,000 iliyokunjwa mara nne, Alhamisi anatia 20,000 iliyonyooka.

Na uwakili si pesa tu, hiyo nitaigusa nipite, juu barua imekuwa ndefu na mhariri ana mkasi. Kanisa letu lina ekari tatu nyuma, mzee mmoja wa zamani alizitoa kwa mdomo tu, hatuna hati, tuna nyasi. Majirani wanasogeza mpaka kila msimu kwa jembe, hatua moja, hatua moja, na huku mchungaji anaomba posho kwa waumini. Watu wanapenda kumsema yule mtumwa mwenye talanta moja kama vile alipewa kitu kidogo, lakini talanta ilikuwa dinari 6,000 hivi, na dinari ni mshahara wa siku moja wa kibarua, yaani ni kama kazi ya miaka 20. Alifukia miaka 20 ya jasho. Na angalia, hakuiba hata senti, alirudisha yote na mchanga wake, na bado alifukuzwa. Sisi ekari tatu tumezifukia hivyo hivyo, na hata kuzirudisha zote hatuwezi, jirani ameshachukua za pembeni.

Mimi mwenyewe kwa mukene nimejifunza kwa hasara. Siku hizi naanika kwa chanja, nyavu imefungwa juu ya miti, hewa inapita juu na chini, mvua ikija nafunika na turubai, na samaki hana mchanga, wateja wanaotafuna mukene wa mchanga wanajua naongea nini. Yesu alilisha watu 5,000 kwa mikate na samaki, angeweza kufanya tena kesho yake, lakini aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe kisipotee kitu, vikapu 12. Mimi nilikuwa namwachia Mungu mvua iamue. Na kule Tiira wanakochimba dhahabu, vijana wetu wanashika zebaki kwa mikono mitupu, wanaichoma kwa moto wa mkaa kando ya nyumba, moshi unaingia kwa watoto na maji machafu yanaenda kijitoni, halafu zaka ya dhahabu hiyo inapokelewa madhabahuni kwa vigelegele na hakuna anayeuliza kijito kikoje. Lakini hiyo ni barua nyingine, na ya mtu anayekaa Tiira.

Kikao cha kanisa ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao. Nimeomba dakika tano, nimepewa tatu. Sitahubiri, sina kipaji hicho, na mume wangu atakuwa amekaa mbele ananiangalia. Nitasimama niwaulize kitu kimoja tu kama tunavyoulizana chini ya mwembe, wiki jana tulifunga na ngapi? Nione ni nani atajibu.

Fundi wa kuchomelea ameniambia sanduku kama letu, kubwa kidogo, lenye tundu juu la kutia bahasha, ni 85,000. Nimemlipa arabuni ya 30,000, na nimeiandika kwa kitabu na amepiga sahihi. Kufuli bado sijanunua, nimesema hizo anunue kila atakayechaguliwa kushika ufunguo, ya kwake, kwa pesa yake. Rangi ya kijani imeisha, nimechagua bluu.

Mama muuza mukene,
Busia, Uganda.